Noti ya milioni 5 haikuokoa mutu. 15 kwa mia yetu iko wapi?

 

Wengi kati yetu hapa tuko na diploma mu kabati, na hatuna kazi. Mwenye alisomea ekonomi anauza unite pembeni ya barabara. Mwenye alisomea sheria anaendesha moto. Mwenye alisomea jeolojia anaangalia malori ya shaba yanapita kwenda Kasumbalesa, na yeye hajapata hata staji. Tukilalamika, wakubwa wanatuambia: "Ni krizi, muvumilie."

Basi leo tuulize jambo moja: inchi ikianguka, leta inajibu nini? Kuanguka kunaweza kutoka inje. Lakini jibu linatoka kwa wenye kutawala, na lile jibu njo linaamua nani atalipa.

Wazazi wetu walishaona jibu baya. Mwaka wa 1967, wakati zaire ilizaliwa, zaire 1 ilikuwa dola 2. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianisation: maduka, mashamba na kampuni za wageni zikapewa Wazaire, na wengi wenye walipewa walikuwa watu wa karibu na utawala. Muda mufupi nyuma, bei ya shaba ikaanguka ku masoko ya dunia, na vita ya Angola ikafunga njia ya reli ya Benguela. Inchi yenye ilitegemea shaba ikabaki na madeni. Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zikafutwa. Watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kipimo. Mwenye alificha akiba yake chini ya godoro, akabaki na karatasi.

Kisha Septemba 1990, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Gécamines, yenye katikati ya miaka ya 80 ilikuwa inatoa karibu tani 470 000 za shaba kwa mwaka, mu 1994 haikufikisha hata 50 000. Leta ikakosa makuta. Ingeweza kukata matumizi ya wakubwa. Ingeweza kuonesha raia hesabu. Ikachagua mashini ya kuchapa noti.

Desemba 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Waziri mukuu Étienne Tshisekedi, mwenye alichaguliwa na Konferansi ya kitaifa, akasema ile noti si halali. Wachuuzi wakaikataa. Januari 1993 askari wakalipwa nayo, wakaenda sokoni, wakaona hainunui kitu. Wakapora Kinshasa. Watu wengi walikufa, na balozi wa Ufaransa pia aliuawa kwa risasi.

Je, leta ilijifunza? Oktoba 1993 ikaleta zaire mupya: 1 mupya kwa milioni 3 za zamani. Kasai wakaikataa, wakaendelea na zile za zamani. Mu 1994 bei zikapanda karibu mara 100 kwa mwaka mumoja. Mu 1998 ikaja franga: franga 1 kwa zaire mupya 100 000. Wenye walisomea hesabu, mupige: ni zaire miliari 300 za zamani kwa franga 1. Zaire zenye mu 1967 zingekuwa dola miliari 600 ziligeuka franga moja. Kati ya hizo tarehe mbili njo kulipotelea mishahara ya walimu na pansioni za wazee wetu.

Tuseme wazi: wamama wa soko wenye walikataa ile noti walikuwa na haki. Walijua makuta ni imani, na imani haichapwi na mashini. Lakini bunduki na uporaji havikuleta kitu. Viliua kazi chache zenye zilibakia.

Hapa kwetu Katanga kulikuwa jibu lingine tena, na tunapashwa kulisema hata kama linauma. Mu 1992 na 1993, badala ya kueleza juu ya nini Gécamines inakufa, wakubwa wa siasa waliambia vijana kwamba Wakasai njo walichukua kazi zao. Jamaa zenye ziliishi hapa tangu wakati wa Union Minière zikafukuzwa mu nyumba. Maelfu wakalala ku stasio za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wengi wakafia njiani, watoto kwanza. Je, kazi zilirudi? Hapana. Kufukuza jirani hakukufungua hata shimo moja. Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines wakarudishwa nyumbani, wakaita ile "kuondoka kwa hiari". Mutu mwenye hajalipwa miezi na miezi, hiari yake ni gani?

Sasa tufike ku leo. Leo inchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka. Ni zaidi ya mara 4 ya Gécamines ya siku zake nzuri. Kwa hiyo wasituambie tena kwamba shaba imekosa. Shaba iko. Chenye kinakosa ni hesabu.

Sheria ya madini, tangu ilipobadilishwa mu 2018, inagawa redevansi hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao sheferi kwenye mgodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni sisi na watoto wetu. Nani kati yetu alishaona karatasi yenye inaonesha ile 15 iliingia ngapi na ilijenga nini?

Hii njo kazi tunawaomba. Ku kila komini na sekta yenye iko na mgodi, mujikusanye watu 5. Muandike barua ku burugumestre ao mukubwa wa sekta: tunaomba ubandike ku ukuta wa ofisi kiasi kilichopokelewa, mwezi kwa mwezi, na kazi zilizolipwa. Mubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Kisha siku 15, murudi. Akinyamaza, tutakaa mbele ya ofisi pamoja, kimya, na zile kopi mu mikono.

Hatutatupa jiwe. Hatutauliza mutu kabila yake. Hatutavaa tisheti ya mwanasiasa kwa sababu ya bukari ya siku moja.

Watatujibu kama walivyojibu wazazi wetu: "Artikle 15, mujipange." Tumejipanga vya kutosha. Tumeuza unite, tumeendesha moto, tumechimba. Sasa tunakataa Artikle 15. Tunadai 15 kwa mia.

Kuanzia kesho, kalamu ianze kazi.