Jogoo Aliyeogopwa Nyumbani Kwetu

Masomo: Luka 22:47-62, 1 Petro 5:1-4

Asubuhi hii pengine uko jikoni unachochea moto wa chai, au umekwisha kutoka na karai la pumba kwenda kuwalisha kuku wako. Kama ni hivyo, ichukue redio yako uende nayo huko uani, kwa maana leo nataka tuzungumze juu ya jogoo.

Yuko jogoo mmoja aliyenifundisha jambo ambalo sikulipata katika chuo cha theolojia. Nilimpata kanisani. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na kama ilivyo desturi katika makanisa yetu, baada ya ibada tuliuza kwa mnada vitu vilivyotolewa sadaka: ndizi, mahindi, mayai na kuku. Jogoo huyo alikuwa mkubwa, mwekundu, mkia unang'aa, na kilemba chake kimesimama. Nilishindana na mzee mmoja katika mnada ule mpaka nikamshinda. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini mwenyewe aliona vyema kumtoa jogoo mzuri namna ile.

Wazee wetu husema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi tulimfunga siku chache, kisha tukamfungua akae na kuku wetu 9. Mwanzoni alitupendeza sana. Akipata punje au mchwa, hakula peke yake. Aliita kwa sauti ndogo, kuku wakaja mbio, naye akasimama kuwaangalia wakila. Mwewe akipita juu, alitoa sauti ya namna moja, na kuku wote wakaingia chini ya migomba. Mbwa akija, alitoa sauti nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya jogoo. Kuku hutaga mayai hata pasipo jogoo, ila mayai hayo hayatoi vifaranga. Jogoo yupo kwa ajili ya uzao, na kwa ajili ya ulinzi.

Lakini baada ya miezi michache ulinzi wake uligeuka. Alianza kumwendea kila mtu aliyeingia uani. Kwanza alishusha ubawa mmoja na kuzunguka kwa upande kama mtu achezaye ngoma. Kisha manyoya ya shingo yakasimama, akaruka na kupiga kwa miguu yote miwili. Mwenye kufuga anajua kwamba silaha ya jogoo si mdomo tu. Ni kipi, ule mwiba mgumu ulio nyuma ya mguu. Mwiba huo hutoboa ngozi, nao umekwisha kukanyaga uchafu wote wa banda.

Wa kwanza kupigwa alikuwa binti yetu mdogo wa miaka 6, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota mayai. Alikuja akilia, akasema, "Baba, jogoo ananichukia." Nikacheka, nikamwambia asiwe mwoga. Akaja mara ya pili, nikacheka tena. Akaja mara ya tatu, nikamwambia kwamba mtoto wa pasta hatishwi na kuku. Baada ya hapo hakuniambia tena. Aliacha tu kwenda bandani, na mama yake akawa anakwenda badala yake, ameshika ufagio.

Siku yangu nayo ikafika. Nilikuwa nimevaa kanzu tayari kwenda mazikoni, akanirukia kutoka nyuma na kunichana mguu. Nilikasirika nikampiga teke. Akarudi. Nikampiga kwa fimbo. Akarudi tena. Tukawa tunafanya hivyo karibu kila siku, pasta na jogoo, na majirani wakapata kichekesho bila malipo. Naye akazidi kuwa mkali.

Mama mmoja mzee wa kanisa letu, aliyefuga kuku tangu ujana wake, alitukuta katika vita hivyo. Akasema, "Pasta, wewe unamfundisha kupigana. Kila ukimpiga, anaona wewe ni jogoo mwenzake. Ukikimbia, anaona ameshinda. Acha yote mawili." Kisha akaingia uani polepole. Jogoo aliposimamisha manyoya, yule mama hakurudi nyuma wala hakuinua mkono. Alisimama imara, ameshika karai mbele ya miguu yake kama ngao, mpaka jogoo akachoka, akageuka na kuanza kudonoa chini. Ndipo mama akaondoka kwa utaratibu, bila kumpa mgongo.

Aliniambia na mengine, nami nawapa ninyi mnaofuga. Watoto wasimchokoze jogoo kwa mawe, wala wasimzoeze michezo angali kifaranga, kwa maana aliyezoea kuchezewa hamwogopi mtu akisha komaa. Msiweke majogoo wengi kwa kuku wachache. Jogoo mmoja hutosha kuku kama 10. Ncha ya kipi yaweza kupunguzwa kwa tupa, lakini ncha tu, kwa sababu ndani yake mna damu. Mtu akichomwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, naye aende zahanati akaulize habari za sindano ya pepopunda. Tena, usichague mbegu kwa jogoo mkali, kwa kuwa ukali wa namna hiyo waweza kuwafuata watoto wake.

Nilifanya kama nilivyoambiwa, na baada ya wiki tatu jogoo aliacha kunirukia. Nikajiona mshindi. Niliwaambia watu kwamba sasa amefugika. Lakini, ndugu zangu, alikuwa ameniacha mimi tu. Alijua mkubwa ni nani, na alijua mdogo ni nani. Jioni moja nilisikia kilio. Nikamkuta binti yangu ameanguka chini ya kamba ya nguo, na jogoo yuko kifuani pake. Kipi kilikuwa kimemchana chini ya jicho. Kati ya jeraha na jicho lenyewe palikuwa na nafasi ya upana wa ukucha.

Alishonwa nyuzi nne. Tulipokuwa tukirudi nyumbani usiku, mtoto amelala begani kwangu, mke wangu aliniambia neno moja tu. Alisema, "Alikuambia mara tatu."

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiuliza kwa nini nilimweka jogoo yule siku zote hizo. Jibu lilikuwa la aibu. Alikuwa mzuri. Wageni walimsifu. Nilimlipia pesa nyingi mbele ya watu. Na mimi mwenyewe hakuwa akiniumiza tena. Kabla ya kupambazuka akawika, nami nikamkumbuka Petro.

Tukisikia habari za Petro na jogoo, mara nyingi twakumbuka tu jinsi alivyomkana Bwana mara tatu. Lakini isome sura ile kuanzia nyuma kidogo. Usiku ule ule, kabla jogoo hajawika, palikuwa na upanga. Yohana anatuambia wazi kwamba aliyeuchomoa ni Petro. Alidhani anamlinda Bwana wake. Je, aliyeumia ni nani? Si kuhani mkuu, wala si mkuu wa askari. Ni mtumishi, aliyekatwa sikio. Hivyo ndivyo ukali ulivyo. Huja kwa jina la ulinzi, lakini humwangukia mdogo.

Angalia sasa Bwana Yesu alivyofanya. Hakumsifu Petro kwa ujasiri wake. Alimzuia, kisha akaligusa sikio la yule mtu na kumponya. Alimzuia mwenye nguvu na kumtibu aliyeumizwa, yote mawili saa ile ile.

Mimi nilikuwa nimefanya lipi katika hayo? Sikumzuia mwenye nguvu, na aliyeumizwa nilimcheka. Asubuhi nilimchinja jogoo. Nyama yake ilikuwa ngumu, ikakaa motoni mpaka jioni. Lakini kabla ya hapo nilimwita binti yangu, nikamwomba msamaha kwa kumcheka. Akaniuliza kama sasa aweza kwenda kuokota mayai. Nilikwenda naye, tukayaokota pamoja.

Msikilizaji mpendwa, yawezekana huna kuku hata mmoja, lakini nyumbani mwako yuko anayeogopwa. Baba akikohoa mlangoni, watoto wananyamaza na kutawanyika. Yeye husema anailinda nyumba yake. Au yuko kanisani. Ni mzee wa kanisa ambaye mabati ya paa ni mchango wake, na kwa sababu hiyo kila mtu humpisha. Akimtukana kijana wa kwaya, tunacheka. Akimwaibisha mjane mbele ya kamati, tunasema, ndiyo tabia yake, mzoeeni tu. Sisi wakubwa hatugusi. Kisha twashangaa kwamba kijana yule haji tena, na mjane ameacha kuja. Walituambia mara ngapi?

Kwako uliye kiongozi au mzazi, nasema, msikilize mdogo akuambiapo mara ya kwanza. Usijibu ukali kwa ukali, kwa maana hapo mtakuwa majogoo wawili. Lakini usidhani upole maana yake ni kuacha mlango wazi. Kama kuna mtu anayeumizwa katika nyumba ile, mtoe mahali pa hatari kwanza. Mwambie mchungaji, mwambie chifu au afisa wa watoto, wala usiogope aibu ya ukoo. Mazungumzo na mwenye nguvu yatafuata, mdogo akiwa salama.

Na kwako uliyejitambua asubuhi hii kwamba wewe ndiwe unayeogopwa, usiizime redio. Nina neno jema kwako. Jogoo hatubu, lakini mtu aweza kutubu. Petro aliposikia jogoo akiwika, Bwana aligeuka akamtazama, naye akatoka nje akalia kwa uchungu. Mungu hakumtupa. Miaka baadaye Petro yule yule, mtu wa upanga, aliwaandikia wazee wa makanisa akiwasihi walichunge kundi bila kulitawala kwa mabavu, bali wawe kielelezo kwake. Alijua alichokuwa akisema. Mkono uliokata sikio ulifundishwa kuchunga. Wako nao waweza kufundishwa. Anza leo kwa kumwendea yule mdogo kabisa nyumbani mwako, na kumwomba msamaha.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, Mchungaji Mkuu, umetupa nguvu ili tulinde, nasi tumezitumia kutisha. Utusamehe. Wafunike watoto wote wanaoogopa asubuhi hii katika nyumba zao wenyewe. Utupe masikio ya kusikia mara ya kwanza tuambiwapo, na moyo wa kutenda yaliyo haki. Utugeukie na kututazama kama ulivyomtazama Petro. Kwa jina lako tunaomba. Amina.