Ngozi Kwanza, Mashine Baadaye: Kulinganisha Leza za Kufuta Tatuu kwa Watu wa Pwani

Mhadhara wa umma, Ziwa la Ng'ombe, Mombasa



Mhadhara wa chuo kikuu kwa desturi husomwa chuoni. Huu nimeomba usomwe upande huu wa Daraja la Nyali, kwa sababu swali lake linaulizwa zaidi huku. Kijana alichorwa jina la mchumba mkononi, na sasa anaposa kwingine. Msichana anataka kuomba kazi ya kuhudumia abiria katika ndege za Emirates, shirika lisilokubali mhudumu mwenye tatuu inayoonekana akiwa amevaa sare. Mwingine ametubu, hakosi swala ya jamaa, lakini anaona haya kukunja mikono ya kanzu anapotia udhu. Wote hawa huuliza jambo moja: mashine ipi ni bora?

Jibu langu sitalificha hadi mwisho. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi na tatuu ya wino mweusi, na wengi wetu ndivyo tulivyo, leza ya kufikiriwa kwanza ni ile iitwayo YAG, yenye mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 1064. Mengine yote, upya wa mashine, jina la kampuni, matangazo ya kwenye simu, yanafuata nyuma. Muda uliobaki nitautumia kueleza kwa nini, ili asiyeniamini aweze kunipima.

Wino hukaa wapi

Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, linalojibadilisha kila baada ya wiki chache, na tabaka la ndani lililo nene na lenye mishipa ya damu. Sindano ya mchoraji hupenya la juu na kuuacha wino katika la ndani. Huko seli za ulinzi wa mwili, ziitwazo makrofagi, humeza chembe za wino na kushindwa kuzisaga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha katika panya kwamba seli hizo zikifa huuachia wino, na seli mpya huumeza tena pale pale. Ndiyo maana tatuu hudumu ingawa seli zinazoibeba hazidumu.

Kwa hiyo leza haifuti kama raba. Kazi yake ni kuvunja chembe kubwa ziwe ndogo kiasi cha kuweza kubebwa. Anayezibeba ni mwili wenyewe, kwa njia ya mishipa ya limfu, na sehemu ya wino huishia kwenye tezi. Kazi hiyo inachukua muda, na kwa sababu hiyo vikao hutenganishwa kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi kwa ngozi nyeusi. Anayekuahidi kuimaliza tatuu kwa kikao kimoja, au anayekuita kila wiki, hajaelewa kazi anayoifanya.

Hapa niseme neno juu ya piko, maana huchanganywa na tatuu. Piko ya bibi harusi hutia rangi tabaka la juu tu na huondoka yenyewe kwa wiki moja au mbili. Haihitaji leza kabisa. Hatari yake ni nyingine: piko nyeusi nyingi huchanganywa na dawa ya kupaka nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo huweza kuwasha ngozi, kuitoa malengelenge na kuacha doa. Aliyeungua kwa piko atibiwe jeraha. Kumpiga leza juu ya ngozi iliyovimba ni kumwongezea.

Kutoka yakuti hadi YAG

Albert Einstein alieleza msingi wa leza mwaka 1917. Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, huko California, kwa kutumia fuwele ya yakuti. Miaka michache baadaye Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alikuwa tayari anaijaribu juu ya tatuu. Kisha zikaja leza za argoni na za kaboni dioksaidi, ambazo ziliuondoa wino kwa kuichoma ngozi yote pamoja nao. Tatuu iliondoka, kovu likabaki.

Mageuzi yalikuja mwaka 1983, pale Rox Anderson na John Parrish walipochapisha katika jarida la Science kanuni inayotuongoza hadi leo. Ina masharti mawili makuu. La kwanza, chagua mwanga ambao shabaha yako huunywa kuliko vitu vinavyoizunguka. La pili, pigo la mwanga liwe fupi kuliko muda ambao shabaha huhitaji ili ipoe. Pasi ya mkaa ukiipitisha upesi juu ya kitambaa, kitambaa kinasalimika. Ukiiacha imetulia, kinaungua. Chembe ya wino ni ndogo mno, hupoa haraka mno, na kwa hiyo pigo lake lazima liwe la nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni moja ya sekunde, au fupi zaidi. Katika nanosekunde 10 mwanga, pamoja na kasi yake yote, husafiri mita 3 tu.

Mwanga wa aina nne

Leza zinazotumika sana kwa tatuu hutoa mwanga wa urefu wa mawimbi wa aina nne. Wa nanomita 532 ni wa kijani, na hunywewa vizuri na wino mwekundu na wa machungwa. Wa 694, wa leza ya yakuti, na wa 755, wa leza ya aleksandriti, ndio unaofaa kwa wino wa kijani na wa buluu. Wa 1064, wa leza ya YAG, hauonekani kwa macho, na kazi yake kuu ni wino mweusi. YAG ileile ikipitishiwa fuwele maalumu hutoa pia ule wa 532, kwa hiyo mashine moja hubeba aina mbili.

Wino mweusi mwingi hutokana na kaboni, na kaboni hunywa mwanga wa kila rangi. Zote nne zinaweza kuuvunja. Basi kwa nini nashikilia 1064? Kwa sababu kabla ya kuufikia wino, mwanga lazima upite kwenye tabaka la juu, na humo mna melanini, rangi asilia ya ngozi yetu. Melanini hunywa sana mwanga wa mawimbi mafupi, na huunywa kidogo zaidi kadiri mawimbi yanavyorefuka. Ukimpiga mtu wa ngozi nyeusi kwa 532 au 694, sehemu kubwa ya nguvu huishia kwenye ngozi yake, juu ya wino. Matokeo yake ni malengelenge, doa jeupe lenye umbo lilelile la tatuu, au doa jeusi zaidi. Kwa 1064 sehemu kubwa hupita salama na kushuka chini, ulipo wino.

Jambo hili lilichelewa kupewa uzito. Kipimo cha aina za ngozi kinachotumika duniani, cha Thomas Fitzpatrick, kilipotungwa mwaka 1975 kilikuwa na ngazi nne, zote za watu weupe. Ngazi ya tano na ya sita, ambamo tumo sisi, ziliongezwa baadaye. Maelekezo mengi ya mashine yalitokana na uzoefu uliopatikana kwenye ngozi za ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Fundi akiyafuata kama yalivyo hapa Pwani, anamtibu mtu mwingine kwenye mwili wa mgonjwa wake.

Nanosekunde na pikosekunde

Sasa nifike kwenye ubishi wa siku hizi. Mwezi Desemba 2012 Marekani iliruhusu leza ya kwanza ya pikosekunde kwa tatuu, iitwayo PicoSure. Pikosekunde ni sehemu ya elfu ya nanosekunde, na mapigo ya mashine hizi huwa ya pikosekunde mia kadhaa. Pigo fupi hivyo huivunja chembe kwa mshindo zaidi kuliko kwa joto. Wazo hilo ni zuri na ushahidi wake upo. Mwaka 1998 Ross na wenzake walilinganisha pande mbili za tatuu 16, na katika 12 kati yake upande wa pikosekunde ulififia zaidi. Mwaka 2012 wagonjwa 12 waliotibiwa kwa aleksandriti ya pikosekunde walipoteza zaidi ya asilimia 75 ya wino kwa wastani wa vikao 4.25.

Lakini ushahidi mwingine unaelekea kwingine. Mwaka 2017 Pinto na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha YAG ya pikosekunde na YAG ya nanosekunde, zote za 1064, kwenye tatuu nyeusi 49 za watu 30. Baada ya vikao viwili hawakuona tofauti ya maana katika kufifia kwa wino, ingawa maumivu yalikuwa madogo kwa pikosekunde. Tukumbuke pia kwamba ile PicoSure ya kwanza ilitumia 755. Mtu mweusi aliyeikimbilia kwa kuwa ni mpya alikuwa ameacha mwanga salama zaidi akafuata ulio hatari zaidi kwake. YAG za pikosekunde zilikuja baadaye, nazo ni nzuri: zinasaidia hasa kwa wino wa rangi na kwa tatuu iliyokataa kuendelea kufifia.

Hukumu yangu ni hii. Ukiwa na fedha na daktari aliyefundishwa, YAG ya pikosekunde ni chaguo jema. YAG ya nanosekunde mikononi mwa mjuzi itakutosha. Aleksandriti na yakuti, ziwe za pikosekunde au za nanosekunde, ziachwe kwa wino wa kijani na buluu, kwa nguvu ndogo na baada ya kujaribiwa sehemu ndogo. Na ile mashine ya mwanga mkali inayonyoa nywele saluni si leza ya tatuu. Mapigo yake ni marefu mno na huunguza.

Subira na jua

Takwimu za kweli zinafundisha subira. Madaktari wa Italia waliofuatilia wagonjwa 352 waliotibiwa kwa leza za nanosekunde walitoa matokeo mwaka 2012: baada ya vikao 10, waliofanikiwa kufutwa tatuu walikuwa asilimia 47.2, baada ya vikao 15, asilimia 74.8. Wavutaji sigara walikuwa nyuma sana. Tatuu ya mkononi au mguuni huchelewa kuliko ya kifuani. Ile iliyochorwa nyumbani kwa masizi na sindano mara nyingi hutoka mapema, kwa sababu ina wino mdogo.

Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na jua letu halina msimu wa kupumzika. Ngozi iliyokolea jua huunywa mwanga wa leza zaidi, na ngozi iliyotoka kutibiwa hupata madoa upesi ikichomwa na jua. Mwendesha bodaboda anayeshinda barabara ya Bombolulu na mikono wazi avae mikono mirefu wiki kadhaa kabla na baada ya kila kikao. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayoota na kuvimba, aseme kabla ya kuguswa. Na akina dada waliochorwa nyusi au midomo wajue kwamba rangi hizo mara nyingi zina oksaidi ya chuma au ya titani, ambazo leza huweza kuzigeuza nyeusi papo hapo. Hao wasitibiwe bila jaribio la nukta moja kwanza.

Kwa aliyetubu

Najua wengi hapa wanasukumwa na dini. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata Pwani, aliyefariki mwaka 1277, alifundisha kwamba alama hiyo ikiweza kuondolewa kwa tiba, iondolewe. Lakini ikihofiwa hatari ya mwili, kupoteza kiungo, au kuharibika vibaya kwa kiungo kinachoonekana, si wajibu, na toba inatosha. Mimi ni mtu wa fizikia na ngozi, si mufti, na fatwa muulizeni mwenye elimu yake. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna sababu ya kitabibu wala ya haraka ya kumfanya kijana ajipake asidi ya betri, ajichome kwa chuma au ajisugue kwa chumvi hadi damu itoke. Nimeyaona makovu hayo. Ni mabaya kuliko tatuu yoyote.

Maswali ya kuuliza, na ombi langu

Ukifika kliniki, uliza manne kabla ya kuvua shati. Leza hii ni ya nanomita ngapi? Anayeishika ni daktari, au anasimamiwa na daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC? Je, mtanijaribu sehemu ndogo kwanza na kunisubirisha wiki kadhaa? Na miwani ya kinga iko wapi, yangu na yenu, tena ya urefu huohuo wa mawimbi? Mwanga wa 1064 hauonekani, lakini hufika nyuma ya jicho na unaweza kulipofusha. Ukikosa jibu la hata swali moja, vaa shati lako uende zako.

Kwa Kaunti ya Mombasa na vyuo vyetu vya Pwani nina ombi moja. Hospitali ya umma ikinunua leza ya tatuu, inunue YAG ya 1064 na 532, na kabla ya mashine kufunguliwa kwenye sanduku, daktari na muuguzi wapelekwe kujifunza kwa wanaotibu ngozi nyeusi kila siku. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika kwa miongo kadhaa. Tuwe na watu wetu huko kila mwaka. Mashine bila mtu aliyefundishwa itawaachia vijana wetu madoa meupe mahali palipokuwa na majina meusi, na madoa hayo hayana leza ya uhakika ya kuyafuta.