Mshahara wa Karani wa Benki

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mshahara wa karani wa benki: jinsi unavyokadiriwa, na kwa nini makarani wawili wenye kazi ya jina moja huweza kupokea fedha zisizo sawa. Nasema hasa na wazee wa nchi ya Meru na Arusha, ambao wameuza kahawa, maziwa na ndizi ili kuwasomesha watoto wao. Nasema pia na ninyi vijana wa shule, ambao mkipita karibu na Mnara wa Saa mjini Arusha huitazama milango ya benki na kusema mioyoni mwenu, "Na mimi nitaketi mle." Hayo ni matumaini mema. Walakini mkulima hulitazama shamba kabla ya kupanda, na mwenye kutafuta kazi yampasa kuijua kabla ya kuiomba.

Kwanza yafaa tukumbuke mambo yaliyopita. Katika zama za utawala wa Waingereza, mshahara wa karani wa serikali katika Tanganyika haukupimwa kwa mahali na uzoefu tu. Ulipimwa pia kwa rangi yake: Mzungu alikuwa na ngazi yake, Mhindi yake, na Mwafrika yake, nayo ya Mwafrika ilikuwa ya chini. Ngazi zile zilianza kuunganishwa katikati ya miaka ya 1950. Kisha Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba benki za watu binafsi zimekuwa mali ya taifa. Ndipo ilipoundwa Benki ya Taifa ya Biashara, na mishahara ya mashirika ya umma ikasimamiwa na kamati moja ya serikali.

Hali hiyo ilibadilika baada ya sheria ya mwaka 1991 kufungua mlango kwa benki za watu binafsi. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na mojawapo ya matawi ya mti ule ndiyo NMB. Tangu hapo kila benki hupanga ngazi zake yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Karani wa benki hupata kiasi gani?" huwezi kumjibu kwa neno moja. Sharti umwulize kwanza: benki gani, ngazi gani, na kwa mkataba gani?

Sasa tuseme habari za mahali. Jirani zetu wa Kenya wana amri ya mishahara ambayo huigawa nchi kwa sehemu. Kima cha chini katika Nairobi na Mombasa ni kikubwa kuliko cha miji midogo, na cha miji midogo ni kikubwa kuliko cha sehemu nyingine. Tanzania Bara hufuata njia nyingine: kima cha chini hutajwa kwa aina ya kazi, si kwa mji. Amri iliyoanza Julai 2013 ilitaja Sh. 400,000 kwa mwezi kwa taasisi za fedha. Amri iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 ilitaja Sh. 592,000. Kiasi hicho kilikuwa kimoja Dar es Salaam, Arusha na Kigoma. Fahamuni pia ya kuwa hiki ni kima cha mtu wa chini kabisa, hata mfagiaji, wala si mshahara wa kila karani. Amri hizi hubadilishwa, basi yafaa kuuliza iliyopo siku mnayoomba kazi.

Lakini mbona husemwa ya kwamba watu wa benki walioko Dar es Salaam hulipwa zaidi? Ni kweli, ila yafaa kuuliza ni watu gani. Makao makuu ya CRDB, ya NMB na ya NBC yako Dar es Salaam, na huko ndiko wanakokaa wakurugenzi na mameneja wakuu. Ukijumlisha mishahara yao pamoja na ya makarani, kisha ukaigawanya, utapata hesabu kubwa. Walakini karani wa dirishani hakupata hata senti moja katika ukubwa huo.

Mahali hufanya kazi yake kwa njia nyingine, nayo ni matumizi. Tuseme makarani wawili wameajiriwa siku moja, katika benki moja, kwa mshahara mmoja. Wa kwanza ni mtoto wa Poli, naye amewekwa tawi la Usa River. Hulala kwao, hula ndizi za shamba la mama yake, na gharama yake ni nauli ya daladala. Wa pili ametoka mbali, amewekwa Arusha mjini, naye amepanga chumba Sakina. Arusha ni mji wa wageni. Pana makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pana watalii waendao Serengeti na Ngorongoro, pana wafanyabiashara wa tanzanite itokayo Mirerani. Wenye nyumba wanalijua jambo hilo. Basi mwisho wa mwezi hawa wawili si sawa, ijapokuwa karatasi zao za mshahara zafanana kama mapacha.

Hata hivyo msidhani ya kwamba nawashauri wote wakae karibu na jiko la mama. Mahali pia hufundisha. Karani wa Arusha mjini huzoea fedha za kigeni na hesabu za makampuni ya utalii. Karani aliyepelekwa Karatu hujifunza mikopo ya wakulima wa ngano na vitunguu: nani hulipa, nani hushindwa, na kwa sababu gani. Baada ya miaka michache ujuzi huo huwa mali yake, na benki nyingine huweza kumwita kwa mshahara mkubwa zaidi. Kwa hiyo kijana asikatae tawi la mbali kwa kuwa ni la mbali tu. Na aulize kwanza kama iko posho ya nyumba au ya uhamisho.

Hapo tumefika kwenye uzoefu. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Yule afisa wa mikopo mwenye meza yake alianza dirishani, akihesabu noti tangu asubuhi hata jioni. Uzoefu huongeza mshahara kwa njia mbili. Ya kwanza ni nyongeza ndani ya ngazi ile ile, nayo mara nyingi ni ndogo. Ya pili ni kupanda ngazi: kutoka dirishani mpaka usimamizi wa makarani, au mikopo, au hesabu za tawi. Hiyo ndiyo nyongeza ya kweli, nayo haiji kwa miaka tu. Mtu aweza kukaa dirishani miaka kumi akawa na uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi. Mwenzake asomaye jioni katika Chuo cha Uhasibu pale Njiro, au afanyaye mitihani ya Taasisi ya Wanabenki, humpita.

Tena siku hizi kazi ya dirishani inapungua. Watu huweka na kutoa fedha kwa simu na kwa mawakala wa vijijini. Kijana anayejua kuhesabu noti tu anashindana na simu iliyo mfukoni mwa nyanya yake.

Jambo lingine ni mkataba. Katika benki nyingine vijana huajiriwa na wakala wa ajira, si na benki yenyewe. Basi huweza kukaa watu wawili katika madirisha yanayofuatana, wenye sare moja, na mmoja hana haki zote za mwenzake. Mahali palipo na chama cha wafanyakazi, kama TUICO, na mkataba wa hali bora, nyongeza na posho huandikwa wazi. Usomeni mkataba huo kabla ya kutia sahihi.

Sasa nawaomba wazee wangu wachukue kalamu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tufanye hesabu ya kile kima cha mwaka 2023, Sh. 592,000. Asilimia 10 huenda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, yaani Sh. 59,200. Zabaki Sh. 532,800. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni Sh. 22,560. Zabaki Sh. 510,240. Ikiwa kijana alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, yaani Sh. 88,800. Zinazofika mkononi ni Sh. 421,440. Bado hajalipa chumba, wala nauli, wala hajala.

Iko na hasara ya dirishani. Fedha zikipungua jioni, karani huulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata apendavyo: sharti aeleze kwa maandishi, ampe mfanyakazi nafasi ya kujibu, wala makato yasizidi robo ya mshahara. Kijana alijue neno hili mapema, kabla hajatishwa.

Kwa nini nasema haya yote? Kwa sababu nyumba nyingi huingia ugomvi kwa kutojua. Baba husikia "laki sita," akahesabu mabati, ada za wadogo na ng'ombe wa kulipa deni. Kijana huona aibu kusema kilichobaki. Huazima, kisha huazima tena ili alipe alichoazima. Naye ndiye ashikaye fedha za watu mchana kutwa. Karani mwenye njaa na madeni yu karibu na majaribu kuliko mtu mwingine yeyote, na noti chache zilizochukuliwa huweza kumaliza kazi ya miaka yote niliyowaelezeni.

Basi, mzazi, mwambie mtoto wako alete karatasi ya mshahara, mkae mezani, muisome pamoja mstari kwa mstari, ndipo mpange atakachotuma nyumbani. Nawe kijana, kabla ya kukubali kazi uliza mambo manne: ni nani mwajiri wangu, naanza ngazi gani, posho zipi zimeandikwa, na nikitaka kupanda ngazi sharti nijifunze nini. Mwajiri mwema hachukizwi na maswali hayo, maana karani aulizaye vizuri ndiye ahesabuye vizuri.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambieni. Kwaherini.