Chungu Kisicho na Nyama: Mikunde na Mboga za Majani katika Jiko la Kila Siku



Mada niliyopewa inahusu mapishi rahisi ya nyumbani yasiyo na nyama. Naomba kuanza na futari. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba, sinia la futari hujaa mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, kunde na tambi. Hata kama hakuna kipande cha nyama, mgeni haoni kwamba amedharauliwa. Mwezi ukishaandama na sikukuu ikapita, mwenyeji yuleyule akiwa amepika maharage na mgeni akabisha hodi, mtoto anatumwa mbio buchani akalete nyama robo. Kunde za futari zimekuniwa nazi, zimetiwa viungo, zimekaa jikoni tangu alasiri. Maharage ya siku nyingine yamechemshwa kwa chumvi na kitunguu kimoja, kama tulivyoyazoea shule za bweni. Kwa maoni yangu tatizo lote liko hapo. Chakula cha mikunde tunakinyima maandalizi, kisha tunakilaumu kwamba hakina ladha.

Kiafya, msingi wake tunao tayari. Protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, ambayo imejaa kwenye mikunde. Protini ya mikunde nayo ina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Ndiyo maana makande ya Upareni, wali kwa maharage au ugali kwa kunde ni mlo unaojitosheleza kwa protini. Kinachokosekana mara nyingi ni mboga za majani na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi humo. Chumvi nayo isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ndipo vile vidonge vya kukoleza mchuzi vinapotuponza, maana chumvi yake hatuioni tunapoitia.

Nitakaa zaidi kwenye mbaazi, kwa sababu zinaniuma. Lindi, Mtwara na Babati wanazilima kwa wingi, na sehemu kubwa imekuwa ikisubiri mnunuzi kutoka India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei iliporomoka na wakulima wetu wakabaki na magunia ndani. Tulikuwa na chakula bora majumbani, lakini tulikuwa tumezoea kukiona kama mali ya kuuza.

Kwa familia ya watu sita, chukua nusu kilo ya mbaazi kavu, chambua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha mpaka mbaazi ibonyezwe kwa vidole ipondeke. Chumvi isubiri mpaka ziive. Kuna nazi moja, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi. Tia kwenye mbaazi tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, kitunguu saumu kilichotwangwa, manjano kidogo na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwasha watoto. Acha zichemke polepole mpaka tui lipungue. Sasa tia tui zito na usiondoke jikoni: koroga taratibu kwa moto mdogo, maana likichemka kwa nguvu litakatika. Likianza kutokota tu, epua. Asubuhi zitaliwa kwa maandazi, mchana kwa wali. Kunde na choroko hupikwa vivyo hivyo, na choroko huiva mapema zaidi, hivyo zinamfaa anayerudi kazini jioni.

Najua swali linalokuja ni la mkaa. Kweli, maharage yasiyolowekwa hula mkaa. Yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, na mwenye friji anaweza kuchemsha kilo moja kwa mara moja, akagawa kwenye vyombo na kuunga kidogo kidogo kwa siku chache. Asiye na friji atumie kapu lililojazwa nguo kuukuu na blanketi. Chungu kikishachemka kinafunikwa vizuri, kinafukiwa humo, na maharage yanaendelea kuiva bila moto. Tahadhari ni moja: maharage mekundu yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, kwa hiyo lazima yatokote kwa nguvu kwa nusu saa kabla ya kuingia kapuni. Yakitoka, yarudishwe motoni yachemke tena ndipo yaliwe.

Magadi tuyaache. Yanalainisha haraka na kufanya majani yabaki kijani, lakini yanaharibu vitamini na kuongeza sodiamu.

Mchicha, matembele na majani ya maboga yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe dakika chache kwa maji yake yenyewe, na ndimu ikamuliwe baada ya kuepua. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na mikunde. Chai ya rangi hufanya kinyume, basi isinywewe pamoja na chakula. Isubiri saa moja au zaidi.

Kisamvu kina sheria zake, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sianidi. Yatwangwe mpaka yalainike kabisa, kisha yachemshwe kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi. Hakuna njia ya mkato hapo. Baadaye unatia nazi au karanga zilizosagwa. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe, kwani sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumu hiyo, na karanga hushambuliwa vilevile.

Kwa anayeacha nyama na samaki kabisa, dagaa wakiwemo, lazima nimweleze kuhusu vitamini B12. Mimea haimpatii. Mayai na maziwa vitamsaidia. Asiyetumia hata hivyo anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na mjamzito azungumze na mhudumu wa kliniki mapema. Mtoto mdogo naye tumbo lake halibebi maharage mengi. Ayapate yaliyopondwa vizuri, yaliyotiwa mafuta kidogo au parachichi, mara kadhaa kwa siku.

Katika majadiliano ningeomba tuanze na suala la wageni. Kila kikundi kipange mlo mmoja usio na nyama ambacho kitakuwa radhi kumwandalia mkwe, kikitaja viungo, bei yake katika soko la kwenu, na kitu gani kinapaswa kulowekwa jana yake. Mbaazi za zoezi la mchana zimeshalowekwa. Vikundi viwili vya kwanza vinaweza kuanza kukuna nazi mara tu baada ya maswali.