Njia ya Maji ni Amana

Khutba ya Kwanza

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayafanya kuwa asili ya uhai. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba siku moja ya Ijumaa, Bwana Mtume (S.A.W.) akiwa anakhutubu, aliingia mtu msikitini akalalamikia ukame, akamtaka aombe mvua. Mtume akanyanyua mikono, na mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akasimama mtu kushitaki kwamba majumba yanaanguka na mali zinazama. Mtume hakuitukana mvua wala hakuomba iondolewe duniani. Alimwomba Mola wake aipeleke pembezoni, vilimani, mabondeni na penye miti. Hapa pana mafunzo makubwa: mvua ni rehema, na rehema hiyo ina mahali pake pa kupita. Mahali hapo pakizibwa, rehema hugeuka kuwa msiba.

Ndugu Waislamu! Kila masika tunasikia kilio kile kile. Mwananchi anasema, “Halmashauri haitujali.” Ofisa anasema, “Wananchi hawasikii.” Na huku wawili hao wakishitakiana, maji machafu yanaingia katika nyumba ya mjane, yanalowesha godoro la watoto na kutia uchafu kisimani.

Nitakuhadithieni jambo lililotufika wenyewe. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, maji ya kutawadhia ya msikiti wetu, pamoja na yaliyofurika kutoka katika karo la vyoo, yalikuwa yakimiminika uani kwa bibi mmoja jirani. Bibi yule alikuja mara mbili. Mara zote tulimjibu kwamba mtaro ni kazi ya serikali, na kwamba tumekwisha peleka habari. Mvua zilipopungua tukaufukua mtaro. Tulikuta nini? Tulikuta mifuko ya plastiki, madumu mabovu, na vifusi vya ukuta ambao sisi wenyewe tuliujenga, tukaubana mtaro ili tupate nafasi ya kuongeza safu moja ya kuswalia. Tulipanua mahali pa kusujudu kwa kumnyang'anya jirani ukavu wa nyumba yake! Tulikwenda kumwomba radhi, tukauvunja ukuta. Lakini mimi niliyekuwa nikisimama mimbarini kuhubiri haki ya jirani, nilipita mbele ya mlango wake masika nzima, nikikunja kanzu isiguse tope lililotoka kwetu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Basi asidhani mtu kwamba kutupa taka mtaroni ni jambo dogo. Kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani. Je, atakuwa katika hali gani anayeuweka? Na Mtume (S.A.W.) ametuonya tujiepushe na mambo matatu yaletayo laana, nayo ni kujisaidia penye maji watu wanapoteka, katika njia yao, na katika kivuli chao. Mwenye kungoja mvua ya usiku ili akitapishe choo chake, kinyesi kichukuliwe na maji hadi kwa wenziwe, na alipime tendo lake kwa mizani hiyo. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi, na Morogoro yetu haikusalimika. Maradhi hayo hupita katika maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi.

Nanyi mliopewa madaraka, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji hadi mkuu wa idara, jueni kuwa cheo ni amana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayeijua sheria hiyo, kisha akagawa kiwanja mkondoni, amemuuzia mwenziwe msiba. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na wakazi wa mabondeni, Jangwani wakiwemo, walipewa viwanja Mabwepande. Wako waliorudi bondeni, kwa kuwa riziki yao ilikuwa mjini. Kumhamisha maskini bila ya kuitazama riziki yake ni kazi iliyoachwa nusu.

Tazameni mfano wa Sayyidna Umar (R.A.). Wanahistoria wametueleza kwamba mwaka wa 17 wa Hijra mafuriko yaliingia Msikiti Mtukufu wa Makka, yakalichukua jiwe la Makamu Ibrahim. Habari ilipomfikia Madina, Umar alifunga safari mwenyewe. Akauliza mahali pake pa asili, akalirudisha. Kisha akaamrisha kujengwa kizuizi upande wa juu ili maji yasirudie. Huyo ndiye kiongozi: alitengeneza kilichoharibika, na akakiendea chanzo cha uharibifu.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi.

Khutba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Enyi Waislamu! Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Nuuman bin Bashir (R.A.) mfano alioupiga Mtume wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, wakichoka kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka.

Sisi wa Mlali tumo katika jahazi hilo, na tumekaa juu. Mto wetu unateremka kutoka milima ya Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, ambalo watu wa mji wa Morogoro hunywa. Ngerengere inaendelea hadi Ruvu, na maji ya Ruvu yanafika katika mabomba ya Dar es Salaam. Anayelima hadi ukingoni na kufyeka miti mlimani, udongo wake utajaza bwawa na mitaro ya watu asiowajua. Hao nao watakuwa mashahidi mbele ya Mola.

Basi kabla ya masika, kila nyumba na izibue mtaro ulio mbele yake. Kila msikiti na uanze na karo lake. Anayezuia njia ya maji na anasihiwe kwa upole. Mwenye kushitakiwa ofisini na aende akaone kwa macho yake, wala asimrudishe mlalamikaji kama tulivyomrudisha bibi yule.

Ewe Mola wetu! Tuletee mvua ya manufaa isiyo na madhara. Warehemu waliochukuliwa na maji, uwape makao walioyakosa, na uwape viongozi wetu uadilifu na sisi utiifu katika kheri. Amin. Simameni tuswali.