Juu ya Kumchagua Mwuzaji Afaaye
Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutuma tuseme mbele yenu leo juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kumchagua mtu wa kutuuzia mabati na kuliezeka upya jumba la Chama. Huenda mtu akasema kwamba hilo ni jambo dogo. Sisi tukaao na daftari za Chama twajua ya kuwa si dogo, kwa sababu tulikwisha kulifanya vibaya mara moja, na hasara yake mwaiona kila mvua inyeshapo.

Mwaka wa 2017 tulipokea karatasi za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Tukazitandaza mezani, tukatazama jumla iliyoandikwa chini ya kila moja, na aliyekuwa rahisi kwa shilingi 38,000 tukampa kazi siku iyo hiyo. Mzee mmoja alipouliza kama tumeyaona mabati yenyewe, alijibiwa kwa methali kwamba mchagua jembe si mkulima, na mkutano ukacheka. Tukalipa fedha zote kabla ya bati moja kushushwa garini.

Zikaja mvua za masika za mwaka wa 2018, ambazo zilikuwa kubwa kuliko kawaida katika sehemu nyingi za Kenya. Mabati yalikuwa yamebonyea chini ya miguu ya mafundi. Maji yakapita kwenye matundu ya misumari, na vitabu vya darasa la watu wazima vikaharibika. Tulipomwendea mwuzaji, aliitoa karatasi yake akatuonyesha maneno "geji 32". Yalikuwamo tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuyasoma.

Kwa wasiojua, unene wa mabati hutajwa kwa geji, na hesabu yake huenda kinyume cha mazoea: kadiri namba inavyozidi, ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Wauzaji wawili tuliowaacha walikuwa wametupa bei ya geji 30 na ya geji 28. Basi tulikuwa tukilinganisha vitu vitatu visivyo sawa, huku tukidhani twalinganisha bei. Tena mmoja wao alikuwa ametia ndani ya bei yake gari, misumari, na mabati ya kufunika kilele cha paa. Yule rahisi hakuvitia, nasi tukavilipia baadaye. Kwa hesabu ya Mweka Hazina, ule urahisi wote ulikwisha kabla paa halijamalizika.

Kwa hiyo Halmashauri yawaomba mkubali kanuni nne.

Kwanza, tuiandike haja yetu sisi wenyewe kabla ya kumwuliza mtu bei: geji gani, urefu gani, mabati mangapi, nani atayaleta, nani atayapigilia, na kama kodi ya VAT imo au haimo. Karatasi hiyo moja ipelekwe kwa wauzaji wote bila kubadilishwa hata neno. Hapo ndipo jumla zao zitakapoweza kusimama pamoja mezani.

Pili, tuone kwa macho. Tutafute juu ya bati alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango lililoanzishwa mwaka wa 1974, na tutazame kama jina la kiwanda na geji vimepigwa chapa. Kisha tuende kwa watu waliokwisha kuezekewa na mwuzaji huyo. Paa la mwezi jana husifiwa na kila mtu. Sisi tuulizie lile lililokwisha kunyeshewa masika mawili.

Tatu ni udugu, nalo twalisema kwa heshima, wala hatumnyoshei mtu kidole. Wengi wetu tuna mwana, mpwa au shemeji mwenye duka. Si vibaya naye akileta bei yake. Lakini mwanachama mwenye jamaa kati ya wauzaji na aliseme jambo hilo waziwazi, kisha atoke nje wakati wa shauri. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 227, yaziagiza ofisi za umma zinunue kwa haki, kwa usawa, kwa uwazi, kwa ushindani na kwa gharama iliyo na faida. Chama chetu si ofisi ya umma, lakini hatuoni sababu ya fedha za mjane kulindwa kwa uangalifu mdogo kuliko fedha za serikali.

Nne, fedha zitoke kwa mafungu: fungu moja mkataba ukitiwa sahihi, jingine mabati yakiisha kufika, kuhesabiwa na kukaguliwa, jingine kazi ikimalizika. Sehemu moja katika kumi tubaki nayo mpaka mvua ya kwanza ipite salama. Malipo ya simu yaende kwa jina la biashara, si kwa simu ya mtu, na kila stakabadhi iletwe kwetu siku ile ile, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zetu, methali ile iliyotuchekesha ni ya kweli kwa mvivu, ambaye hukataa jembe hili na lile ili asilime. Lakini mtu aliyetumwa kununua jembe kwa fedha za jirani hana budi kulishika, kulipima mkononi na kulitazama makali. Fedha zilizo katika hazina leo ni za mama wauza mboga, za vibarua, na za wazee waliouza mbuzi. Paa hili nalo likivuja, hatujui tutawaendea kwa uso gani kuomba mchango wa tatu.

Mwisho, yule mzee aliyeuliza juu ya mabati yupo hapa nasi. Twamwomba radhi mbele ya mkutano huu, na Halmashauri yamwomba awe wa kwanza kati ya watakaotumwa kuyakagua mabati mapya.