Shehena ya Vita Katika Kiwanja cha Raia



Magharibi ya Ireland, kando ya mto Shannon, kuna kiwanja cha ndege ambacho mwaka 1947 kilifungua duka la kwanza ulimwenguni la bidhaa zisizotozwa ushuru. Ni kiwanja cha raia. Hata hivyo, tangu vita vya Iraki vya mwaka 2003, mamilioni ya askari wa Marekani wamepita hapo, ilhali Ireland si mwanachama wa NATO na hujitangaza kuwa haifungamani kijeshi na dola yoyote.

Sheria haikukosekana. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Tanzania nayo ni mwanachama wake, unakataza katika kifungu cha 35 zana za vita kupitishwa ndani au juu ya nchi yoyote bila ya idhini yake. Nchini Ireland idhini hiyo ina milango miwili. Ndege ya jeshi la kigeni huombewa ruhusa katika Wizara ya Mambo ya Nje, kwa sharti kwamba haikubeba silaha, risasi wala baruti. Ndege ya kiraia iliyokodiwa kuchukua askari na bunduki zao huombewa ruhusa katika Wizara ya Uchukuzi.

Penye mlango huo wa pili ndipo penye mashaka. Ndege ya jeshi hukingwa na heshima ya dola yake, lakini ya kukodi ni ya kiraia, na kifungu cha 16 cha Mkataba huo huo kinaipa nchi haki ya kuipekua inapotua au inapoondoka. Haki ipo kwenye karatasi. Serikali zilizofuatana za Ireland zimependelea kutegemea ahadi za Marekani. Na ofisa anayepiga mhuri juu ya orodha ya shehena asiyoiona anathibitisha tu kwamba ameisoma orodha. Desemba 2007 Tume ya Haki za Binadamu ya Ireland, ikichunguza madai ya ndege zilizosafirisha watu kwa siri kwenda kuteswa, ilisema kuwa ahadi hizo hazitoshi na kwamba ukaguzi wa kweli wahitajika.

Mahakama nazo zilijaribiwa. Mwaka 2003 Edward Horgan, ofisa mstaafu wa jeshi, aliishtaki Serikali. Jaji alikiri kuwa kupitisha askari na zana za vita katika nchi isiyofungamana kunapingana na desturi ya mataifa iliyoandikwa The Hague mwaka 1907. Lakini hakuamuru lolote, kwa kuwa uamuzi huo, alisema, ni wa Serikali na Bunge. Na Bunge lilikuwa limekwisha kupiga kura ya kuruhusu.

Mwaka 2024 waandishi wa habari wa Ireland walifichua safari za ndege zilizosemekana kuchukua zana za vita kwenda Israeli kupitia anga la nchi hiyo. Serikali ilijibu kwamba ruhusa haikuombwa wala haikutolewa. Ofisi iliyongoja barua, basi, haikuletewa barua.